Aliyebwekewa na Mutasema

Wakati nilikuwa mtoto, wa umri ule wa kutumwa kaa la moto kwa jirani na kurudi na habari badala ya kaa, kwetu Mabanga tulikuwa na mbwa anayeitwa Mutasema. Jina alipewa na Koko, mama yake Papa. Siku zile mbwa hakupewa jina kwa uzuri wake. Alipewa neno ambalo ulitaka jirani alisikie bila kugombana naye. Jirani yetu alikuwa Mama Feza, mwanamke wa familia ya Maniema, Mwislamu wa kufunga na kuswali, mpika sambusa, na mdomo wake ndio ulikuwa redio ya avenue yetu. Basi kila asubuhi Koko alisimama mlangoni akaita kwa nguvu, "Mutasema! Mutasema, kuya kula!" na upande wa pili wa ukuta Mama Feza akajua salamu yake imefika. Naye hakukubali kushindwa. Mbwa asingemfuga, dini yake haikupenda mate ya mbwa, kwa hiyo jogoo wake akampa jina la Tulishasema. Huku Mutasema, kule Tulishasema, na sisi watoto katikati tunacheka mpaka tunakaa chini.

Nimemkumbuka mbwa yule kwa sababu ya Bruno. Bruno ni mbwa wa mjukuu wangu Neema, kule Keshero, na jina lake halimwambii jirani chochote. Anabweka toka geti linafunguliwa. Majirani wamepeleka maneno kwa chefu wa avenue, yule mkuu wa mtaa; mume wa Neema anataka mbwa auzwe, na Neema mwenyewe anasoma mashauri kwenye simu mpaka chai inapoa. Wakaniuliza kwa utani, maana sasa Koko ni mimi, "Koko, nyinyi wa zamani mbwa mlimnyamazisha namna gani?" Nikasema nileteeni kiti niketi kwenye geti, na kwanza msimnyamazishe. Wakacheka. Hawajui mimi nimetoka wapi na habari ya mbwa kubweka. Leo nitaisema, kwa sababu walionikataza kuisema wamekufa wote.

Kwetu waliamini hivi. Mbwa akimbwekea mgeni, hiyo ni kazi yake. Lakini mbwa anayekula kwenu akimbwekea mtu anayekula kwenu, hambwekei yeye. Anabwekea kile kinachotembea nyuma yake. Watu wazima walisema neno hilo kwa sauti ya chini na kugeuza shingo, na mimi nilijifunza kugeuza shingo kabla ya kujifunza kusoma.

Baba mudogo Kakule, mdogo wake Papa, ndiye alikuwa mtamu wa nyumba. Mikono yake haikurudi mitupu, kila mara ilikuwa na karanga au kipande cha muwa. Alijua kuigiza sauti ya padri, sauti ya askari, na sauti ya Mama Feza akipigania bei ya mafuta. Alipooa, tulifurahi sana. Alimleta mke kutoka Butembo, kwenye asili yetu, mwembamba, mrefu, anayeinama kidogo akisalimia, jina lake Kavira. Sisi watoto tulimwita mama mudogo. Alijua kusuka nywele bila kuumiza kichwa, na kwa mtoto wa kike hayo ni mapendo makubwa.

Mwanzoni Mutasema alimpenda. Walienda shambani pamoja, baba mudogo, mama mudogo na mbwa, katika shamba letu la maharagwe upande wa Mugunga, na jioni walirudi wote. Halafu siku moja mbwa alirudi peke yake, mapema, akaingia chini ya ghala la makala, makaa ya kupikia, na hakutoka hata kwa ugali. Wale wawili walirudi baadaye. Kuanzia siku hiyo Mutasema hakwenda tena shambani, na ndipo akaanza kubweka.

Niwaelezeni mlango wetu, maana mambo yote yalipita pale. Parseli yetu, yaani kiwanja cha nyumba, ilizungukwa na ukuta wa mawe meusi ya volkano, yamepangwa tu bila simenti. Pa kuingilia palikuwa pembamba, mtu mmoja na mzigo wake, mwingine anangoja. Jioni mama mudogo alitangulia. Alibeba mgongoni kikapu cha maharagwe na kuni juu yake, mshipi wa kubebea umekaza kwenye paji la uso, kichwa chini. Baba mudogo alifuata na jembe begani, kama wanaume wote walivyofuata. Na akitokeza tu mama mudogo kwenye mawe, Mutasema alikuwa ameshafika magotini kwake, manyoya yamesimama, mkia umeingia katikati ya miguu, anabweka kwa sauti iliyochanika, kama mtu anayeita watu kwenye moto.

Siku ya kwanza tulishangaa. Siku ya pili Papa alimtupia kiatu. Kabla wiki haijaisha, Mama Feza alikuwa amesimama kwenye jiwe lake upande wa pili, kidevu juu ya ukuta, anahesabu wanaopita barabarani ili apate wa kumwambia.

"Mama Paluku," akamwita Koko, kwa jina la mwanawe mkubwa ambaye ndiye Papa yangu, "imbwa yako haijanibwekea mimi miaka yote hii, mimi mwenye kuichukia. Sasa inamubwekea muke wa mutoto wako? Eh! Mimi sisemi kitu."

"Usiseme basi," Koko akamjibu.

"Nimeshanyamaza."

Alinyamaza kama anavyonyamaza jogoo.

Papa alijaribu kumtuliza mbwa kama walivyojua. Alimfunga kamba kwenye nguzo ya jikoni, akabweka zaidi, na akageuza kamba hiyo mpaka ikamkata shingo. Alimmwagia maji. Mtu mmoja alimpa shauri la moshi wa pilipili, wakamfukizia Mutasema, tukakohoa sisi wote, Mama Feza akakohoa kule kwake na kututukana kwa Kiswahili cha Maniema kizuri sana, na mbwa jioni akabweka kama kawaida. Tena akaongeza. Akaanza kubweka alfajiri mbele ya mlango wa chumba cha baba mudogo, anakwaruza mbao, mpaka baba mudogo anatoka na kumpiga teke.

"Hii imbwa imeharibika," alisema akicheka, anajifunga mkanda wa suruali. "Paluku, uniachie niiue."

Lakini wengine hawakutaka mbwa auawe. Mbwa anayeona hauawi na mtu mwenye akili, walisema. Anayestahili kuondoka ni yule anayeonekana.

Hapo ndipo kila kitu cha mama mudogo kilianza kusomwa upya. Mbwa alipobweka mlangoni kwake alfajiri, walisema ni saa anayorudi kutoka kwenye shughuli zake na wenzake. Alivaa blauzi ya mikono mirefu hata jua likichoma mawe, wakasema anaficha hirizi. Mchana, akiwa peke yake jikoni, Mutasema alikwenda kulala juu ya miguu yake na kumlamba mikono, ndani kabisa ya mikono ya blauzi. Mimi niliona hilo kwa macho yangu na nikalisema kwenye ukuta. Mama Feza akapiga mapaja.

"Inamubwekea jioni, inamulamba muchana? Njo vile balozi, bachawi, banafanya! Anaipa chumvi ya mwili wake ili ifunge kinywa!"

Mimba yake ya kwanza ilitoka. Wakasema ameila mwenyewe. Halafu mtoto mchanga wa nyumba ya chini kwenye avenue yetu akashikwa na homa, akafariki, na mama yake alipopita mbele ya mlango wetu akatema mate chini. Hakutusalimia tena. Watoto wake walikatazwa kucheza na sisi. Huu haukuwa tena mchezo wa Mutasema na Tulishasema. Nilisikia kwa masikio yangu vijana barabarani wakisema tairi na petroli, na wakamtaja mama mudogo. Mwanamke yule alikuwa ndani, anatwanga sombe ya majani ya muhogo, na anasikia.

Kitu kilichonishangaza hata nikiwa mdogo ni kwamba hakujitetea. Walipomuuliza, "Kavira, imbwa inaona nini kwako?" aliangalia chini na kusema, "Sijue." Baba mudogo naye, tulimwonea huruma! Mtu mzuri namna ile kupata mke namna ile. Wanawake walimletea ndizi.

Jumamosi moja Papa aliita ndugu zake, wakaketi uwanjani. Sisi watoto tulifukuzwa, na mimi nikafukuzwa mpaka nyuma ya pipa la maji, ambako kunasikika vizuri. Koko aliketi kwenye mkeka wake, anachagua mawe katika maharagwe.

"Kakule," Papa akasema, "wewe njo bwana yake. Unasema nini?"

Baba mudogo aliweka kofia magotini. Sauti ilikuwa nzuri, ya upole. "Mimi ni wa familia. Mukisema aende, ataenda. Nitafanya je?"

Mama mudogo alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Alimtazama mume wake, mara moja tu, halafu akatazama mbwa.

"Basi," Papa akasema, "ule muke imbwa inamulilia arudi kwabo Butembo. Kuna kamioni ya kurudi siku ya Jumatatu asubuhi. Nitamutafutia nafasi."

Kurudishwa namna hiyo hakukuwa kurudi. Neno lingefika Butembo kabla yake, juu ya kamioni hiyohiyo. Kwao wasingemfungulia, na njiani ni vijana na tairi zao. Wote waliokuwa uwanjani walijua.

Koko hakuinua macho kwenye maharagwe. "Paluku, usiseme muke. Neno la wazee halisemi muke. Linasema mutu."

"Sawa, Mama. Mutu ule imbwa inamulilia, atapanda kamioni."

"Rudilia. Masikio yangu yamezeeka."

Papa akarudia, kwa nguvu, na ndugu zake wakaitikia. Koko akatupa jiwe dogo nyuma ya bega lake. "Nimesikia. Kesho kisha misa tutamuangalia, ili tusipandishe mutu wa bure."

Sikulala kwa hamu. Kesho yake padri alihubiri na mimi sikusikia neno hata moja.

Tulirudi kutoka kanisani bado tumevaa nguo za Jumapili. Ndugu zake Papa walikuja na wake zao. Mama Feza alikuwa ameshapanda jiwe lake, amejifunga kitambaa kipya kama mtu wa arusi. Koko alitoka nje na benchi fupi, akaketi, akamwita Mutasema. Mbwa akaja akaweka kidevu kwenye mapaja yake.

"Munasema imbwa inaona," Koko akasema. "Nami nataka kuona."

Akaweka kidole gumba kwenye kona ya jicho la Mutasema, akafuta matongo ya mbwa, na mbele ya watu wote akajipaka kwenye jicho lake la kuume. Halafu la kushoto.

Nilisikia wanawake wakivuta pumzi kwa pamoja. Sisi sote tulijua maana yake. Anayejipaka matongo ya mbwa anaona kile mbwa anaona, roho za watu na wafu wanaopita, na macho hayo hayarudi tena kuwa ya kawaida. Watoto tulitishana nalo lakini hakuna aliyethubutu. Papa alisimama. "Mama! Tumetoka kupokea komunyo!"

"Mama Paluku, utapofuka!" Mama Feza akapiga kelele. "Astaghafirullah! Mate ya imbwa kwenye macho!"

"Siyo mate, Mama Feza. Shuka kwenye jiwe, utaanguka." Koko alipepesa macho, mekundu, yanatoa maji. "Kavira, mutoto wangu. Chukua kikapu. Toka inje, uingie."

Mama mudogo alichukua kikapu, akaweka mshipi kwenye paji, akatoka. Tulisikia nyayo zake kwenye mawe. Akaingia, kichwa chini, katika ile njia nyembamba. Mutasema alimwendea, akamnusa magoti, akatikisa mkia, akarudi kuketi.

Uwanja mzima ulinung'unika. Mmoja wa ndugu akasema kitu kile kimemwogopa Koko, kimejificha. Mke wake akafanya ishara ya msalaba.

"Hapana," Koko akasema. "Kavira, siyo hivyo unavyoingiaka jioni. Ingia vile unaingiaka kila siku. Na ule anatembeaka nyuma yako."

Mama mudogo hakujongea. Kikapu kilianza kutikisika mgongoni kwake.

Ilichukua muda mpaka watu waelewe, na wa kwanza kuelewa alikuwa baba mudogo, kwa sababu ndiye wa kwanza kucheka. "Mama, unanitafuta mimi? Mimi niko nimeketi na bakubwa hapa."

"Simama, Kakule. Chukua jembe lako. Umufuate bibi yako kama kawaida."

"Mama, ni siku ya Mungu."

"Simama."

Sijawahi kumsikia Koko akiongea kwa sauti ile, kabla wala baada. Baba mudogo alisimama. Wakatoka. Wakaingia, mama mudogo mbele na kikapu, baba mudogo nyuma na jembe.

Mutasema hakubweka tu, alilia. Aliruka mpaka kwenye magoti ya mama mudogo, kama siku zote, na kama siku zote sisi tungesema anambwekea yeye. Lakini siku hiyo tuliambiwa tuangalie, tukaangalia. Mgongo wa mbwa ulikuwa umegusa miguu ya mwanamke. Alijisukuma kwake. Macho yake na meno yake yalipita kando ya pagne aliyojifunga mwanamke kiunoni, yakaenda nyuma, juu, kwenye uso wa baba mudogo. Na mama mudogo, bila kujua, alikuwa ameshusha mkono mmoja na kumshika mbwa shingoni. Mbwa hakuwa anamzuia asiingie. Alisimama katikati yao.

Koko aliinuka. Maji ya macho yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na sijui hata leo kama yalikuwa ya matongo.

"Nakiona," akasema. "Kile kinatembeaka nyuma yake. Nakiona muzuri. Kina sura yangu. Nilikizaa mimi."

Hata Tulishasema hakuwika.

"Mama!" baba mudogo akasema, na kicheko kilikuwa bado kinywani kwake kama chakula kilichomshinda kumeza. "Unaamini imbwa kuliko mutoto wako?"

"Jana wote muliiamini."

Akamwendea mama mudogo, akamtua kikapu. Akaufungua mshipi kwenye paji lake, mshipi mpana wa ngozi, akaunyoosha. Halafu akafungua kifungo cha blauzi, kimoja, pale kwenye kifundo cha mkono, na kuukunja ule mkono mrefu taratibu, mpaka juu ya kiwiko. Akauweka mshipi juu ya alama. Upana ulikuwa mmoja. Alama mpya juu ya alama za zamani, kama barabara zinazopitana. Hakufungua zaidi. Hakukuwa na haja, na mwanamke hakutakiwa kuvuliwa mbele ya mashemeji.

Mimi nilitoka nyuma ya pipa na hakuna aliyenifukuza. Nilimtazama baba mudogo, mtu wa karanga, mtu wa sauti za kuigiza, na sikumjua. Hicho ndicho kilichonitisha, kuliko mambo yote ya wafu. Tulikula naye na tulilala ukuta mmoja naye. Tulisikia mbwa alfajiri, wote, tukajifunika shuka. Mama mudogo hakupiga kelele kwa sababu alionea haya nyumba ya watu. Mbwa ndiye alipiga kelele kwa niaba yake, na sisi tulimfukizia pilipili.

Papa aliketi chini, kwenye vumbi, na suruali yake ya misa.

"Paluku," Koko akasema. "Mutu ule imbwa inamulilia. Rudilia neno lako."

Papa alimtazama mdogo wake muda mrefu. Ndugu zake walitazama mikono yao, maana wote walikuwa wameitikia jana.

"Atapanda kamioni," Papa akasema.

"Mimi nilishasema!" Mama Feza akalia kutoka juu ya ukuta. "Kutoka zamani! Muulize nani! Mwanaume wa kucheka sana hivi!" Na nawaapieni, kabla ya jioni avenue nzima iliamini kwamba ni yeye aliyegundua. Nilimpenda sana Mama Feza, Mungu amrehemu, lakini mdomo ule haukuwa na breki.

Jumatatu baba mudogo aliondoka na kamioni, ameketi juu ya magunia matupu. Mutasema alimsindikiza mpaka kwenye mawe ya mlango. Hakubweka. Aliketi, akasubiri mpaka mlio wa kamioni ukaisha, halafu akarudi jikoni kulala juu ya miguu ya mama mudogo. Alizeeka bila kelele, mpaka watu wakasahau sauti yake.

Mama mudogo Kavira alibaki kwetu. Kwanza watu walisema itakuwaje mke abaki na mume aondoke, na Koko akawajibu kwamba wenye swali waje walale kwake, awaeleze. Alianza kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, sokoni. Baada ya majira mawili ya mvua alinunua blauzi ya mikono mifupi, ya njano, na akapita barabarani mbele ya nyumba ya yule mama aliyekuwa akitema mate. Alama zilionekana na hakuzifunika. Mimi nilitembea pembeni yake, nimemshika mkono, najiona mkubwa.

Sasa Bruno. Nimeketi kwenye geti la Neema na kiti changu cha plastiki, nimemwangalia mbwa huyo asubuhi hadi mchana, na majirani wakidhani nawachunguza wao, na kweli niliwachunguza kidogo. Bruno hana habari yoyote na roho za watu. Anambwekea kijana mmoja wa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, anayepitisha mizigo ya makala, kwa sababu gurudumu la mbao la kijana huyo linalia kwenye mawe kama paka amebanwa mlango. Nilimwita kijana, nikampa mafuta ya mawese kwenye kopo, akapaka. Akapita, Bruno akafungua jicho moja, akalala. Muda uliobaki anabweka kwa upweke, maana geti likifungwa wanamfunga mnyororo mfupi nyuma ya nyumba asikoona mtu. Nimewaambia wamlete mbele. Mara nyingi ni hivyo tu, gurudumu au upweke. Neema amefurahi na kusema Koko ana dawa.

Sikumwambia jambo la mwisho. Jioni ile ya Jumapili, watu walipoondoka, nilimkuta Koko jikoni anaosha macho yake kwa maji ya chumvi. Yalikuwa yamevimba. Nikamuuliza kile ambacho mtoto yeyote angeuliza.

"Koko, matongo yalikuonyesha kweli?"

"Yaliniwasha tu."

"Sasa juu ya nini ulijipaka?"

"Juu wangesikiliza mumama muzee? Imbwa wangeisikiliza."

"Na wewe ulijua namna gani?"

Alikamua kitambaa.

"Mimi na babu yako," akasema, "hatukukuwa na imbwa."

Nilidhani hajaelewa swali langu. Nilikwenda kucheza.

Nilikaa na jibu hilo miaka mingi bila kulifungua. Nilikuwa tayari mama wa watoto wakubwa Koko alipofariki, na sisi wanawake tukafunga mlango kumwosha. Mama mudogo Kavira alikuwa upande wa kichwa, mimi upande wa miguu. Tulipomgeuza tuoshe mgongo, niliziona alama. Upana ule ule. Alama zilikuwa zimezeeka pamoja na ngozi, nyeupe, laini, zimepitana. Babu yangu tuliambiwa alikuwa mtu mwema, mwenye kuchekesha. Picha yake ilikuwa sebuleni kwetu.

Mama mudogo hakushangaa. Aliweka kiganja chake juu ya mgongo ule, akakiacha pale kidogo, halafu akaniomba maji zaidi.

Ndiyo maana watu wakiniuliza dawa ya kunyamazisha mbwa, mimi naomba kwanza kiti. Kiko bado pale Keshero, kwenye geti. Mbwa akianza kubweka, simtazami mbwa, na anayeingia mbele simtazami sana. Nangoja yule wa nyuma apite.